Begi Lililobaki Kitandani

Nimenunua sufuria nyingi maishani mwangu, na sijawahi kuona nyepesi isiyounguza maharage. Kitenge nacho, ukikishika kikawa kama karatasi mkononi, ukifue mara mbili tu utaona jua linapita katikati. Miaka yote niliyovuka daraja la Rusizi ya Pili, kutoka kwetu Rwanda kwenda Bukavu, Kongo, na kurudi, beseni kichwani, mikono yangu ndiyo ilikuwa mizani. Kitu kizito nilikiheshimu. Chepesi nilimrudishia mwenyewe, nikamwambia akiuze kwa wanaoanza biashara.

Basi mjukuu wangu aliponiomba nimsindikize Kamembe kuchagua kamera, nilienda na mikono hiyohiyo.

Majina sitayaandika. Ninayajua yote, ya kila aliyekuwepo, hata la kijana wa pikipiki, maana mimi siwezi kupanda na mtu bila kumwuliza anaitwa nani na ni wa kwa nani. Lakini kosa ni langu, na sitaki jina la mtu mwingine lisimame karibu nalo.

Huyo mjukuu ni binti wa mwanangu wa kwanza, nimemlea mimi hapa Mururu. Anapiga picha za harusi, za ubatizo, za komunyo ya kwanza. Alikuwa akiazima apareyi, ndivyo tunavyoita kamera huku kwetu, na kila Jumatatu anairudisha kwa mwenyewe. Sasa alitaka yake. Na alitaka ndogo.

"Koko," aliniambia tukiteremka kilima, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, maana huku bibi ni koko, "ile ya kuazima inanikata shingo. Minataka yenye naweza kuvaa asubui na kuisahau. Niende nayo ku soko, ku shamba, ku mto. Bantu bako bazuri siku za kazi pia, hapana siku ya harusi tu."

"Siku za kazi bantu bako na matope."

"Njo ile matope minataka."

Muuzaji alikuwa baba mmoja wa makamo, huku tunasema Papa, amekulia ng'ambo kama sisi, chumba chake kiko nyuma ya saluni ya wasuka nywele, pazia tu katikati. Alitandika taulo mezani, akaweka apareyi mbili, zote zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, na lenzi yake moja fupi isiyovuta. Ukitaka mtu awe karibu kwenye picha, unamwendea kwa miguu yako. Ya pili ilikuwa kubwa, na lenzi mbili, moja ya karibu na moja ndefu ya kuvuta vya mbali, na begi lenye mifuko mingi kuliko koti la mzungu.

Papa alieleza vizuri, simsingizii. Alisema kwa picha za ukutani zote mbili ni sawa, na kwamba gizani kanisani ile fupi inaona hata vizuri zaidi. Alimwuliza mjukuu wangu anatembea sana au anapanda gari. "Natembea," akajibu, na mkono wake tayari uko kwenye ile ndogo.

Mimi nikazishika zote, moja huku, moja huku.

"Hii kadogo iko ya kuchezea batoto," nikasema.

"Mama, apareyi haipimwaka kilo," Papa akacheka. "Hapana samaki."

"Kila kitu kinapimwa. Hata bwana wangu nilimupima mbele ya kunioa."

Nyuma ya pazia wasuka nywele walipasuka kicheko, mmoja akauliza alikuwa kilo ngapi. Nikajibu. Walicheka tena, na mimi nikajiona mshindi wa mambo yote. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba ukiingia harusini na kitu kama sabuni mkononi watakusukuma na viwiko, lakini ukiingia na mdomo mrefu ule, hata padri atasogea. Na katika pesa ile walikuwemo mbuzi wangu wawili. Sikuwataja. Hapakuwa na haja, alikuwa akiwafahamu.

Alichukua kubwa. Papa alipoifunika ile ndogo na ncha ya taulo, binti aliitazama mara moja tena. Niliyaona macho yale. Nikajifanya nafunga kitenge changu kiunoni.

Siku za harusi sikukosea, walimpisha. Lakini siku nyingine zote begi lilikaa kitandani. Nani atapanda kilima cha Mururu na lenzi mbili mgongoni, anakwenda kununua chumvi? Jioni alirudi na kunisimulia kwa mdomo alichokiona: mama mmoja darajani amebeba magodoro mawili kichwani na mtoto juu yake anacheka, ukungu umekaa mtoni kama maziwa. Namwuliza, "Na apareyi?" Anajibu, "Iko ku kitanda, Koko." Nikadhani ni uvivu wa vijana.

Nilikuwa na dada mkubwa, yaya kwa lugha yetu, aliyeolewa Nkanka, karibu na ziwa. Tulipokuwa wadogo Bukavu yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburura chini. Mjukuu wangu alikuwa amemwahidi picha, picha ya kweli ya kuweka kwenye kadre, yaani fremu, kwa sababu yaya hakuwa na hata moja. Yaya akatuletea habari kupitia mama mmoja anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani: tuje Jumamosi.

Kwa yaya hauendi na mikono ya kuning'inia. Nilikuwa nimepika ikigage, ile pombe ya mtama, bidoni moja, yaani dumu, imejaa. Nilikuwa na kikapu cha maharage na gunia dogo la viazi vitamu. Pikipiki za kukodi zilikuwa mbili, moja yangu, iliyokwisha kujaa kikapu na gunia, na moja yake. Kijana wa pikipiki yake aliutazama mzigo, akatazama begi mgongoni mwa binti, akazima injini.

"Mama, hapana. Polisi bako pale ku kona. Begi ao bidoni. Muchague."

"Koko, tuache viazi," mjukuu wangu akasema.

"Viazi nimechimba jana, bado viko na udongo."

"Basi kikapu. Maharage bako nayo."

"Niende kwa yaya nikiwa sawa muntu wa kuomba? Acha ile begi." Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo nikiosha vyombo linanijia: "Yaya hatakula foto."

Hakubishana. Aliingia ndani akaliweka begi kitandani. Akarudi akapanda, bidoni mapajani.

Tulimkuta yaya nje. Walikuwa wamemtolea kiti cha sebuleni, chenye kitambaa cha kufuma, wakakiweka ukutani mahali penye mwanga. Alivaa kitenge cha ndege wa bluu, kilemba kipya, na zile hereni nilizoziona mara ya mwisho siku anamwoza binti yake mkubwa. Miguu aliipaka mafuta mpaka inang'aa. Binti yake akaninong'oneza kwamba mama amekaa hapo tangu asubuhi na amekataa kula asije akajimwagia.

Yaya alipokea bidoni, akashukuru kwa heshima zote, akapokea kikapu, akapokea viazi. Halafu akachungulia nyuma ya mjukuu wangu.

"Na apareyi?"

Mimi niliinama kwenye bidoni, nikawa napambana na kizibo ambacho hakikuwa kimekaza. Nilingoja. Nikamsikia binti akisema, "Nimeisahau, koko. Munisamehe."

"Fotografu anasahau apareyi!" yaya akacheka. "Batoto bangu bako bavuvi, sijaona hata moja anasahau wavu nyumbani."

Binti akatoa simu, akamwomba ampige hata na hiyo. Yaya akafunika uso na kiganja. "Ya telefone muntu anapigwa akiwa anakimbia. Mimi nilivaa sababu ya apareyi. Mutarudi."

Kisha akaingia ndani. Nilisikia hereni zikidondoka ndani ya kopo, moja, halafu ya pili. Alirudi na kitenge cha kila siku, tukanywa.

Hatukurudi. Kwanza mvua, halafu maharage yalikuwa yanaoza shambani, halafu goti langu. Kila wiki ilikuwa na kitu chake, na kila kitu kilikuwa cha kweli. Halafu asubuhi moja yule mama wa sambaza akaja bila beseni, nikajua.

Kwetu, mtu akipelekwa kaburini, mbele anatangulia aliyebeba msalaba, na pembeni yake aliyebeba picha ya marehemu kwenye kadre, kila mtu njiani amwone. Ya yaya waliitoa kwenye kitambulisho, wakaikuza mjini. Ilikuwa ya kijivu. Macho yametolewa kama ya mtu anayekemewa, kichwa wazi, masikio hayana hereni. Ilikuwa imekuzwa mno, na uso ulikuwa umevunjikavunjika kama sahani. Yaya alikuwa mwanamke wa kupendeza. Waliosimama barabarani ambao hawakumjua walimwona hivyo, na ndivyo atakavyobaki kwao.

Tuliporudi kwenye kilio, tumekaa kwenye majani ya migomba, binti yake mkubwa alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Tuko na fotografu ku famili, na mama anaenda na foto ya kitambulisho. Sababu mademoiselle alisahau."

Watu waliguna. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba goti langu lilimgusa, na mkononi nilikuwa na kikombe cha chai. Nikanywa. Ndicho nilichofanya. Chai ilikuwa ya moto ikaniunguza, nikaendelea kunywa, ili mdomo uwe na kazi. Mimi ndiye mkubwa niliyebaki, na niliogopa waseme mkubwa mwenyewe ndiye aliyemnyima dada yake picha kwa ajili ya viazi.

Vijana wa ukoo wakampa jina. "Madame Nimesahau, leo umekumbuka miguu?" Harusi ya mjukuu wa yaya, iliyokuwa imeshapangwa na yeye ndiye apige picha, wakampa mtu mwingine. Nyumbani alilisukuma begi chini ya kitanda. Wakaja watu wa ubatizo, akawaelekeza kwa mwenzake. Hakunisema kwa mtu hata mmoja. Kama angenisema ningepata la kubishana nalo.

Siku moja nilimwambia, "Ile siku, mjukuu wangu..."

"Koko, acha. Imeisha."

Na mimi, aibu yangu, nikaacha. Nilifurahi hata, kidogo, kwamba amenikataza.

Siku ya kuondoa kilio familia inakaa pamoja, wanagawana pombe, na aliye na neno na marehemu au na wenzake analisema ili lisibaki. Nilipika ikigage tena, bidoni ileile. Njia nzima mpaka Nkanka nilikuwa nimeishika mapajani mimi mwenyewe. Walipomaliza wengine wakanigeukia, mkubwa aseme la kufunga.

Nilisimama. Nilisema, "Huyu mtoto hakusahau. Begi ilikuwa mgongoni mwake, kijana wa pikipiki akasema tuchague, mimi njo nilisema iache. Nilisema yaya hatakula foto. Na hata mbele ya ile, mimi njo nilimukatalia apareyi kadogo, yenye ingekaa shingoni. Pale mbele ya yaya alisema uongo ya kunificha, na ku kilio mulimusema, na mimi nilikuwa nakunywa chai."

Nilibaki nimesimama kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

Binti mkubwa wa yaya ndiye aliyejibu. "Na sasa, mama mudogo, foto iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko," akarudia.

Hakunitazama tena siku ile. Lakini alichukua kibuyu cha kwanza, ambacho kilikuwa changu kwa ukubwa wangu, akapita mbele yangu, akampelekea mjukuu wangu kwa mikono miwili. "Kuya ukae huku," akamwambia, akamsogezea nafasi mkekani. Mimi nilikunywa mwisho, pamoja na watoto. Ilikuwa haki.

Baada ya wiki mbili tulirudi kwa Papa wa Kamembe, begi mgongoni kwa mara ya mwisho. Ile ndogo ilikuwa haijapata mtu. Nilikaa kwenye benchi mlangoni, mikono nimeifunga ndani ya kitenge.

"Leo hupimi, Mama?" Papa akauliza.

"Leo iko na mwenyewe."

Mjukuu wangu aliivaa shingoni na lenzi yake fupi, akaazima beseni kwa wasuka nywele akaliweka kichwani, akashika ndoo ya maji mkono mmoja, akatoka nje akakaa kwenye pikipiki iliyosimama, akainama huku, akainama kule. Watu wa barabarani walimdhania kichaa. Apareyi ilimkaa kifuani, haikugonga kitu. Kwa mkono uliobaki akaiinua akampiga picha kijana mwenye pikipiki ile, aliyekuwa amezubaa anamtazama. Ile kubwa na begi lake Papa alivichukua kama badala, na hapakudaiwa kitu.

Juzi nilikuwa uani napeta maharage, nguo ya shamba, kichwa wazi. Akatokea na ndoo, akasimama karibu, maana lenzi ile inataka umkaribie mtu.

"Ngoja nibadilishe kitenge," nikasema, nikainuka nusu.

Alishusha apareyi, tayari kungoja. Ana adabu, angengoja mpaka jioni.

Nikamwona yaya kwenye kile kiti, miguu inang'aa, hajala. Nikakaa tena chini, nikashika ungo.

"Piga," nikamwambia. "Nilishangojesha muntu moja."