Kingo Zilizonyooka

Katika chumba cha gazeti la mji wa Mercedes, kibuyu cha yerba, ile chai chungu, kilizunguka kila asubuhi mkono kwa mkono, kikamruka Zulma Bentancur kana kwamba kiti chake kilikuwa kitupu. Aliyekijaza maji ni mhariri, don Wáshington, na alikuwa na kinyongo na Zulma.

Kisa kilikuwa simu. Gazeti lilipoanza kusomwa kwenye simu, don Wáshington aliagiza maandishi yanyooke kushoto na kulia, kama kwenye karatasi, na neno lisikatwe kamwe mwishoni mwa mstari. Zulma, mpanga kurasa, alimwonya: kioo ni chembamba, maneno yatatawanyika, na macho yatapotelea kwenye mapengo. Akanyamazishwa. Wasomaji walipolalamika, mzee akamnyooshea kidole mbele ya wote.

"Huyu hapa ndiye aliyewaharibia gazeti!"

Zulma alimeza machungu, lakini hakuyasahau.

Kisha don Wáshington akastaafu. Siku ya kumuaga, ukumbi wa klabu ukiwa umefurika, angesoma hotuba yake kwenye kioo kidogo cha kupitishia maandishi mbele ya msemaji, na Zulma ndiye angekiendesha.

"Kingo zinyooke, binti. Na usinikatie neno hata moja."

"Upendavyo, don."

Akafanya vilevile. Herufi alizikuza kwa ajili ya macho ya mzee, na kadiri zilivyokua, mapengo yakapanuka.

Mzee alianza vizuri, kisha akakwama. Akaruka neno, akarudi, akasoma mstari uleule mara mbili.

"Vaa miwani, don!" mtu akapaza sauti.

"Miwani wapi! Hiyo ni divai!" akadakia Rubén wa habari za michezo. Ukumbi ukaangua kicheko.

Huku jasho likimtiririka, mzee akamtazama Zulma. Ilitosha Zulma abonyeze mara moja tu, mistari ilegee upande wa kulia na maneno yasogeleane. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Aliyajua macho yale. Siku ile aliponyooshewa kidole, naye aliyazungusha yake hivyo hivyo chumbani, akitafuta mtu mmoja wa kumtetea. Wote waliinama.

Akakiondoa kidole.

Jumatatu mzee akaja kuchukua vitu vyake. Kibuyu sasa kilikuwa mikononi mwa Zulma. Akampa Rubén, akakijaza tena, akanywa mwenyewe, taratibu.

"Na mimi, binti?" mzee akauliza, mkono ameunyoosha nusu.

Zulma akafunga chupa ya maji iliyokuwa bado ikifuka mvuke.

"Maji yamepoa, don."