Jogoo wa Programu ya Nyimbo

Asifiwe Mungu, aliyenifundisha subira ya kutoa kwa kutumia jogoo.

Kwaya yetu hapa Bweri huimba kwa kusoma nyimbo kwenye programu huria ya simu, aliyoitengeneza mwalimu mmoja wa Bunda na kuigawa bure. Aliposema ataacha kuihudumia kwa kukosa hela ya bando la intaneti, nilipeleka jogoo kwenye mnada wa kanisa ili mwalimu huyo achangiwe. Niliwanong'oneza wote hela ni ya nani, isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa desturi yetu, kila aliyemnunua jogoo alimrudisha auzwe tena. Mara mwalimu naye, aliyekuja kusali nasi siku hiyo, akapandisha bei, akashinda, akidhani mwenye shida ni mimi.

"Mzee, nimekuchangia!"

"Umejichangia mwenyewe, mwanangu. Mrudishe jogoo, hela ya bando haijatosha."

Kanisa zima likacheka. Programu bado anaihudumia. Nawe msomaji, Mungu akubariki, mkono wako usichoke kutoa.