Manukato ya Begi la Mama Mdogo

Juzi, katika duka moja la manukato Sinza, nilipulizia kijikaratasi, nikanusa, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama mara mbili. Yalikuwa ndiyo yenyewe! Mwanzo wake ni ndimu kali na kitu kama ile spiriti wanayokupaka kabla ya sindano. Mtu mwenye haraka angeirudisha chupa kabatini. Mimi siirudishi, na msidhani nilizaliwa na subira hiyo. Niliipata alasiri moja Chang'ombe, kwa mkono wangu huu wa kushoto.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, alikuwa ameposwa na fundi wa kiwandani, kijana mpole, mkimya kupita kiasi. Bibi hakumtaka. "Mwanamume hana maneno, utajuaje ana nini ndani?" alikuwa akisema, na sote tulijua anatafuta sababu tu. Mimi nilikuwa na hofu yangu. Gauni langu la harusi, la pinki lenye marinda, lilikuwa limeshashonwa. Harusi ikivunjika, ningelivaa wapi?

Siku upande wa mume ulipoleta begi la bibi harusi, wanawake walijaa sebuleni kulikagua. Zikatolewa kanga, viatu, vitenge, na kila kitu kikapigiwa vigelegele. Chini kabisa ikatoka chupa ya kioo kizito, yenye jina kubwa la mbunifu wa mavazi wa Ulaya, kifuniko chake ua la waridi. Kwetu manukato yalijaribiwa kwenye mkono wa mtoto, kwa sababu mtoto hajifukizi udi. Nikaitwa. Bibi akanipulizia, akanusa, akakunja uso.

"Hii hainukii, inanuka. Zahanati tupu! Rudisheni begi lenu."

 Shangazi wa bwana harusi akaanza kukunja kanga. Ndipo Mama mdogo, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kukohoa, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mama, mwache mtoto akacheze kwanza. Akirudi, mnuse tena."

Bibi akaguna. "Haya. Chema chajiuza."

Jamani, niliruka kamba siku ile! Jua lilikuwa kali, jasho likanitiririka, na kila nikipumzika nilinusa mkono. Ndimu ilishatoweka. Ulikuja mlangilangi, ukafuata yasmini, na chini yao kitu laini kama liwa ya msandali. Nilihisi nimeota bustani kwenye ngozi. Mama muuza vitumbua akanidaka begani. "We mtoto, unanukia nini hicho? Mama'ko kanunua wapi?"  Nilikimbilia ndani nikipiga kelele, "Bibi, imekuwa maua!"

Bibi alinusa. Akanusa tena, macho kafumba. Akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikampokea. Gauni la pinki nililivaa.

Sasa pale Sinza, karatasi nayo ilianza kugeuka maua, na nikakumbuka jambo ambalo halijawahi kunijia. Harufu ile sikuinusa mara ya kwanza siku ya begi. Niliinusa kabla, kwenye mtandio wa Mama mdogo, jioni aliporudi akisema alikuwa saluni, nikasinzia mapajani pake. Kumbe yeye na mchumba wake walikwenda pamoja dukani, kwa siri. Kumbe hakunituma juani kwa kubahatisha. Chupa ile aliijua mwisho wake, na yule kijana mkimya alikuwa ameshakaa naye vya kutosha kujua ana nini ndani.

Nilimpigia simu palepale. "Shikamoo, Mama mdogo. Yale manukato ya begi, nani aliyachagua?"

Akaangua kicheko, akashusha sauti. "Marahaba, mwanangu. Nyamaza, bibi yako yuko hapa kwangu, na ndiyo kwanza kajipulizia hayo hayo. Mpaka leo anadhani mkwewe ndiye aliyechagua, na anamsifia kila mgeni."