Wadudu wa Jino la Mama

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, huku kwetu Karatu jino halikuwa linaoza. Lilikuwa linaliwa. Ndani yake alikaa mdudu mweupe mwenye roho mbaya, na wa kumtoa alikuwa mmoja tu, bibi jirani yetu. Tulimwita Aama, kama sisi Wairaqw tunavyowaita bibi zetu, ingawa hakuwa bibi yangu wa damu, na nashukuru.

Mama aliumwa gego la chini siku za kupalilia maharage. Alipalilia hivyo hivyo, taya limefungwa kanga. Shavu lilipofikia ukubwa wa kiazi, Baba akamwita Aama.

Alikuja mchana na kipande cha bati, samli na mbegu za ndulele, yale matunda ya njano ya porini. Akaweka bati juu ya makaa, akamwaga samli na mbegu, akamfunika Mama shuka, mdomo wazi juu ya moshi, bakuli la maji kando ya bati.

"Asiseme mtu," alionya. "Mdudu akisikia sauti anarudi ndani. Anatafuta moyo."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa bakuli. Mbegu zilipopata joto zikapasuka, kila moja ikatoa kiini cheupe kilichojikunja, kikaruka majini. Nilizijua. Malishoni tulikuwa tunazitupa motoni kwa mchezo.

"Aama, mbona wadudu wanaruka kutoka kwenye bati?"

Mkono wa Mama ukatoka chini ya shuka. Hakuwa ananiona, lakini kofi lilinipata sawasawa. "Nyamaza! Unataka nife?"

"Mmemsikia huyu mdomo mrefu?" Aama akamwambia Baba. "Basi. Waliobaki sasa siwawezi."

Joto lile lilimtuliza Mama, akalala. Kesho yake uvimbe ulishuka shingoni. Akatetemeka kwa homa, akawa hawezi kumeza hata mate. Kila siku nilisimama mlangoni nikitaka kumwambia Baba ampeleke hospitali, kwamba wale hawakuwa wadudu. Nilikumbuka kofi, nikaenda kufungua ndama.

Siku ya nne Baba aliomba lori la mkulima mmoja wa ngano. Hospitalini daktari alimtazama Mama shingo, kisha akamtazama Baba.

"Usaha wa jino umeshuka, umeingia kwenye damu, umefika hadi kwenye moyo. Mzee, mngemleta mapema tungeling'oa tu, akarudi shambani kwake."

Mama alikufa kabla jua halijazama.

Sasa angalia nilivyoshindwa. Daktari alitaja moyo, na Aama alikuwa ameshautaja. Baba hakuhitaji ushahidi mwingine. Tulipotoka kuzika aliniambia, "Ulikatazwa kusema."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini ninasikia. Leo manesi wanatufundisha kwamba jino bovu na fizi zinazotoa damu haziishii mdomoni; mwenye kisukari zinamharibia sukari, mwenye moyo mbovu zinammaliza. Bado hapa kwetu mtu akiumwa tumbo anapanda bodaboda kwenda hospitali. Akiumwa jino ananunua vidonge dukani na kusema litatulia. Ninawasema. Wananiita bibi mkali. Wengine tumeshawazika.

Watu hunifariji kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli, ila mle ndani mtoto huyo ndiye peke yake aliyeona, na kofi moja lilitosha kumfunga mdomo. Kijiji kilinilaumu kwa sentensi moja niliyosema. Mimi najilaumu kwa siku nne nilizonyamaza, na hakuna wa kunisamehe, maana hakuna anayelijua kosa hilo. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akala ugali niliopika kila jioni, akafa bila kuniuliza siku ile niliona nini.