Nilimbadilishia Tabu Mwisho wa Riwaya

Kosa ni langu, na asitokee mtu wa kunihurumia. Mimi ndiye msomi niliyerudi Tunduma na digrii, nikihoji kila kitu: mahari, mahubiri, hata chumvi ya mboga ya mama. Kila kitu, isipokuwa mimi mwenyewe!

Kazi sikuwa nayo, nikajipa cheo. Kila Jumamosi mchana nilikwenda saluni kwa rafiki yangu Tabu kumsimulia riwaya maarufu ya Kiingereza huku akisuka. Kiingereza chake kilikuwa cha kupatana bei na Wazambia tu. Riwaya ilimhusu msichana tajiri anayejifanya mshenga wa mji mzima, wala hajui moyo wake mwenyewe unataka nini.

"Huyo atafutiwe kazi!" Tabu alisema. Nilicheka kuliko yeye. Mjinga mimi!

Tukiwa katikati ya kitabu, mshenga akaleta kwa kina Tabu barua ya posa kutoka kwa Elia, mkulima wa mpunga wa Kamsamba. Tabu alimpenda, hilo nalijua. Nyumbani wakampa wiki moja ya kujibu.

"Kamsamba?" nikamwambia. "Joto lile, mbu wale! Utamsuka nani, ng'ombe?"

"Ng'ombe angalau halalamiki kwamba umembana nywele." Kisha akapunguza sauti. "Hivi yule rafiki wa msichana tajiri, aliyeshauriwa amkatae mchumba wake, mwishoni inakuwaje?"

Nilikuwa nimeshaimaliza. Mwishoni rafiki huyo anarudiana na mchumba wake, na mshauri anabaki na aibu yake. Nikamtazama Tabu usoni.

"Alimkataa, akapata bwana wa maana mjini. Hakujuta hata kidogo."

Tabu akamkataa Elia.

Nilijiambia nimemwokoa. Nimemwokoa! Ukweli ni kwamba angeolewa Kamsamba, ningebaki hapa na digrii yangu bila mtu wa kunisikiliza.

Mwaka uliofuata alikuja kusuka mwalimu mgeni wa sekondari, akatukuta tukibishana juu ya kitabu kingine.

"Mimi naipenda ile ya msichana mshenga," akasema. "Hasa pale rafiki yake anaporudiana na mchumba aliyemkataa."

Mikono ya Tabu ikasimama kichwani mwa mwalimu. "Anarudiana naye?"

"Ndiyo, dada, wanafunga ndoa kabisa. Kwani hamkufika mwisho?"

Tabu hakunipigia kelele. Bora angenirushia kitana! Alimaliza kusuka, akamsindikiza mteja mlangoni, akanigeukia.

"Elia ameoa, na mke wake ni mjamzito. Shoga yangu, ulinisomea nini wewe?"

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Hajanisemesha tangu siku ile.

Jamani, wasomi wenzangu, mtu akikuuliza mwisho wa kitabu, mpe ulioandikwa. Na kabla ya kumshauri mwenzako amkatae mtu, jiulize wewe utapoteza nini akimkubali. Mimi nilijiuliza Elia akiwa ameshaoa.