Ukili Niliousuka Peke Yangu

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu Saumu, na tangu uliponipigia simu juzi imenijia na haitaki kuondoka. Ulisema mwenzio wa chumba, Zuhura, amemaliza mitihani karudi kwao Voi, Mercy wa chumba cha jirani naye kaenda zake, nawe umebaki hapo Ziwa la Ng'ombe na mtihani mmoja. Huli, husomi, wala mlango hufungui. Ukasema, "Bibi, naja kwako Utange. Huo mtihani basi tu." Ngoja nikujibu sasa.

Nalikuwa msichana kwetu Likoni, najifunza kusuka mikeka kwa Bi Mwanakombo. Tulikuwa wanne: mimi, Riziki, Mwanahamisi, na Kadzo binti Charo, ambaye kwa kucheka hakuwa na mfano. Twakaa barazani, kila mtu na miyaa yake, twasuka ukili huku twapiga soga. Ukili, maana nyinyi wa leo hamjui, ni ule utepe mrefu wa miyaa, majani ya mkoma yaliyochanwa. Tepe hizo hushonwa ukingo kwa ukingo zikawa mkeka. Basi Riziki akaolewa. Mwanahamisi akamfuata mamake Lamu. Kadzo akamaliza wake, akaitwa kwao shamba. Nikabaki mimi na ukili wa mwisho, na nikaona haya kukaa pale peke yangu, kila apitaye aniulize wenzangu wako wapi. Nikajifungia ndani, nasuka nikisikiliza kuku wa jirani.

Siku ya kushona, Bi Mwanakombo akaulaza ukili wangu kando ya zile nyingine. Haukulingana nazo. Mwembamba, mgumu kama kamba ya mbuzi.

"We Mwanasha!"

"Abee."

"Huu umeusuka ama umegombana nao?"

"Nimesuka vile vile, Bi Mwanakombo."

"Si vile vile. Mtu akiwa na wenziwe, kila akicheka mkono hulegea. Wewe ulicheka na nani huko ndani? Umevuta, umevuta, mpaka miyaa imekakamaa."

Nikalia. Nikamwambia nautupa, nakwenda kwetu, mkeka sitaki tena.

"Utakwenda, na mkono wako utakwenda nao. Njoo hapa." Akanivuta barazani, akakaa juu ya mbuzi yake ya nazi. "Mimi nakuna nazi, sina la kukwambia. Suka kilichobaki."

Wallahi ilikuwa mbuzi ikikwaruza tu, na wapitao wakitupa salamu, hata mkono ukalegea wenyewe. Ule ugumu hakunifumulisha. Akanishonesha hivyo hivyo. Mkeka ukaisha, nikapewa mimi.

Mwanangu, sikukatazi kuhuzunika. Zuhura alikuwa mwenzio, ana haki ya kuliliwa. Mimi Riziki na Mwanahamisi nimekwisha kuwazika, Kadzo sina habari zake, na babu yako hayupo. Bado nikitia chai, mkono huenda kwenye kikombe chake. Lakini usijifungie. Chukua vitabu vyako ukae kwa yule Mama Furaha akaangaye viazi mlangoni mwenu. Si lazima uzungumze. Kula, itikia salamu, soma. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Na ukija kabla ya mtihani, sitakufukuza, mlango u wazi. Ila ujue utakuja na mkono ule ule uliokaza.

Mungu akulegeze moyo, akuweke karibu na sauti za watu, akufikishe mwisho wa ulichokianza. Ukimaliza, njoo. Mkeka ule nimekutandikia chumbani. Upande wa ukili wangu umejikunja, tangu Likoni haujapata kulala chini, hata uuwekee nini. Kaa hapo wewe, nami nikae kando yako. Huenda safari hii nao ukalala chini.