Muhuri Nilioulinganisha Chini ya Balbu

Asalaam aleikum, wanangu wa ukurasa huu. Jina langu lifunikeni, na ya wengine nimeyabadili. Wajukuu wamenihesabia miaka sabini na saba. Ni bibi wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Darasa sijaliona hata kwa dirisha, kwa hiyo nimeongea kwenye simu na wenye ukurasa wameniandikia. Mkitaka kunitukana, nitukaneni mkishamaliza kusoma.

Kuanzia mwaka wa tisini na moja nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Muhima. Tulichapa maboksi ya sabuni na ya majani ya chai. Niliingia kama mfagiaji. Siku moja msimamizi alikuwa anachanganya wino wa boksi la sabuni, kijani kinamkataa. Nikamwambia, ufagio mkononi, "Ongeza njano kidogo, kama unaiiba." Akacheka. Akaongeza. Ikakubali. Tangu siku hiyo nikapewa kisu cha kuchanganyia na kipande cha kioo, na karatasi ya majaribio haikwenda mashineni mpaka niweke kidole gumba changu pembeni, maana saini sijui.

Sheria yangu ilikuwa moja tu: rangi haiamuliwi ndani. Chini ya taa rangi mbili zinaweza kuwa mapacha, ukizitoa juani moja inakugeuka. Msimamizi akisema, "Mama, iko sawa," mimi namjibu, "Iko sawa kwa taa. Kwani sabuni yako inauzwa ndani ya balbu?" Basi tunatoka uani, tunaweka sampuli na jaribio bega kwa bega, tunaangalia.

Rafiki yangu pale alikuwa Esperansi, mpanga herufi. Alinitania, "Wewe macho, mimi mikono. Tukipata na kichwa, kiwanda tunakinunua." Alikuwa mjane mwenye binti mchanga, Mutoni. Vitambulisho vya wakati ule viliandikwa kabila. Changu kilisema Mhutu, chake Mtutsi. Mwanzoni mwa tisini na nne majirani walikuwa wanamwita nyoka hadharani, mchana kweupe. Akatafuta kitambulisho kitupu ili ajiandike Mhutu, sikumuuliza wapi. Muhuri akauchonga mwenyewe kwenye soli ya kiatu. Wino wa zambarau akaniachia mimi, niufananishe na muhuri wa kitambulisho changu.

Tulifanya saa ya chakula, mlango tumefunga, balbu moja. Nikachanganya mara nne. Ya tano ikakaa. Nikamwambia, "Twende uani tukaione." Akanishika mkono.

"Dada, uani kuna mlinzi. Akituona tumekwisha."

Nikaangalia tena chini ya balbu. Nikasema, mimi kwa mdomo wangu, "Iko sawa."

Wiki zikapita. Siku yoyote ningeweza kumwambia, lete kitambulisho tukiangalie kwenye jua, hata nyuma ya choo changu. Sikumwambia. Niliogopa, na pia nilijivunia jicho langu. Kiburi cha mtu asiyesoma ni kibaya sana, wanangu, kwa sababu ndicho kitu pekee alichonacho.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, nilimfuata Esperansi nimlete kwangu. Mtoto nikambeba mgongoni mimi, ionekane ni wangu. Kwenye bariyeri, kizuizi walichoweka wauaji barabarani, mbele yetu alikuwa jirani yake, Damasi. Wakamkagua, wakamwachia. Zamu yetu ikafika. Mwanamume mmoja akachukua vitambulisho vyetu viwili, akaviinua kwenye jua, bega kwa bega.

Alikuwa anafanya kazi yangu. Na mimi niliona kabla yake. Muhuri wangu ulikuwa zambarau. Wa Esperansi ulikuwa umegeuka, unavuta wekundu kama maji ya maharage.

Akauliza, "Nyinyi mnajuana?"

Kabla sijafungua mdomo Esperansi akasema, "Simjui huyu mama. Tumekutana njiani." Hata mtoto wake hakumtazama. Mimi nikakaza kanga ya mtoto mgongoni. Wakaniambia, "Pita na mtoto wako." Nikapita. Nilichokisikia nyuma yangu sitawaeleza.

Mutoni nimemlea. Alipokua akaniuliza, nikampa nusu ya habari: mama yako alikamatwa bariyerini. Nusu nyingine watu waliijaza wenyewe, ati Damasi, kwa vile alipita mbele yetu, ndiye aliyemwonyesha. Maneno hayo niliyasikia miaka yote. Sikuyakanusha. Yalinifaa.

Sasa mjukuu wangu, anayemwita Mutoni shangazi, amependana na mjukuu wa Damasi. Mwezi uliopita walikuja kuposa, na kreti zao za Fanta. Mutoni akasimama katikati ya wageni. "Mama, wewe ulikuwepo. Sema mbele ya watu. Huyu mzee alimuuza mama yangu au hakumuuza?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nikaangalia mkeka.

Damasi ndiye aliyesema. Mzee wa watu anatembelea fimbo. "Mwacheni huyu mama. Msimtese na mambo yale."

Wakabeba kreti zao wakaondoka. Mjukuu wangu tangu siku hiyo anakula kwa kulazimishwa, na Damasi nasikia haonekani tena msikitini wala dukani, anaona haya kwa kosa ambalo si lake. Na Mutoni? Mutoni kila asubuhi ananipaka mafuta miguuni, ananiambia, "Mama, bila wewe nisingekuwepo." Mimi nafumba macho najifanya nasinzia.

Nikisema, mzee atainua kichwa, mtoto ataolewa, na mimi nitakuwa niliyemuua Esperansi kwa maneno mawili. Nikinyamaza, nitazikwa nikiitwa mama.

Nimekaa na jambo hili ndani miaka thelathini na zaidi. Leo nimelitoa nje, nyinyi mlitazame. Msinionee huruma kwa mvi zangu, na asiniambie mtu kwamba iko sawa. Niambieni tu: Mutoni nimwanzie wapi?